Gari ya kukodi Iringa mpaka Lugalo, Kalenga na Mlambalasi: gari nyota 4, dereva nyota 2

Wakuu habari za saa hizi. Wiki iliyopita nilikuwa Iringa na mama mdogo na wanangu wawili, tumetokea Mbeya, tukakodi gari siku nzima tuzungukie sehemu za Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Jamaa mwenye gari simtaji, ni hawa wanaobandika karatasi ukutani gesti, tukakubaliana laki na themanini mafuta juu yake. Naandika maana kabla ya kwenda nilitafuta mtu aliyewahi kwenda anipe mwanga nikakosa.

Gari haina neno, viti safi, tairi nzima, breki zinashika. Dereva sasa! Kijana ana maneno matamu, kila ukimuuliza hapa unapajua anakujibu "huko nyumbani kaka, we kaa tu". Kwanza alitaka tuanzie Mlambalasi eti tumalize mbali mapema, nikamkatalia, na nyie mkataeni. Ukianzia Lugalo, upande wa njia ya Moro, ukarudi mjini ukatokea njia ya Ruaha kwenda Kalenga halafu Mlambalasi, unaifuata habari yenyewe ilivyotokea, 1891, 1894, 1898. Ukianza mwisho watoto watakuuliza mbona ashakufa halafu anapigana tena.

Haya, saa mbili asubuhi tunatoka, baridi ile ya Iringa ya kukunja vidole, mdogo anahesabu malori, mama mdogo kasinzia, mara naona ndoo za nyanya zinakimbizwa dirishani. Tuko Ilula! Lugalo tumeiacha nyuma kitambo. Akageuza, akapitiliza tena. Aliyetuokoa ni mzee mmoja na baiskeli yake, nikamwambia shikamoo mzee, tunatafuta mnara wa Mkwawa, akatuangalia akacheka, "mnatafuta ule wa Wajerumani".

Na kweli bwana. Mnara wa Lugalo ni wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa pale, yaani walioshindwa. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski, watu walimwita Nyundo, kilikuwa kinapita porini kwa mstari mrefu, mizinga imefungwa juu ya punda, Wahehe wakatoka majanini na mikuki na ndani ya dakika chache kazi imeisha, Zelewski mwenyewe amelala hapo hapo. Bunduki karibu 300 zikachukuliwa. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimpiga risasi ndege, na Wahehe wakadhani ndo ishara waliyokuwa wanaisubiri. Mwanangu mkubwa yuko la sita, alisimama mbele ya mnara akazunguka mara mbili halafu akaniuliza, "baba, sasa sisi tumeandikwa wapi?" Nikamgeukia dereva asaidie, yuko kwenye simu. Ikabidi mama mdogo asimulie, yeye Mhehe, alisoma Lugalo sekondari pale mjini, na nawaambia tungekuwa hatunaye tungepiga picha na jiwe tukaondoka. Kwa hiyo dondoo la kwanza: usiende Lugalo bila mtu wa kukusimulia.

Kalenga ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, na pale nyota tano bila ubishi. Hapa ndo palikuwa na ngome, na jina Iringa lenyewe limetoka kwenye lilinga, ngome kwa Kihehe, ila ngome hiyo ikaangushwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, kikosi cha gavana wa Kijerumani von Schele, akiwemo Tom von Prince, waliyemwita Bwana Sakarani. Mji tunaolala gesti leo ni ule Wajerumani waliouanzisha baadaye kule juu kilimani. Makumbusho ni kachumba tu, ukiharakisha unamaliza kwa dakika kumi, usiharakishe. Mwelezaji tuliyempata alikuwa na subira ya ajabu, watoto wamemchosha kwa maswali na hakununa.

Fuvu la Mkwawa liko kwenye kioo. Dogo kuliko nilivyotegemea. Wajerumani walilipeleka kwao, na mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita kuu, kifungu cha 246 kikawaamuru walikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita hiyo ikawa mpaka 1954, gavana Twining akaenda kulichagua kwenye makumbusho Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huyu huyu aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mama mdogo alisogea karibu na kioo, akashusha kanga begani, akasema taratibu "kamwene", kama anamwamkia mtu aliyemkuta kakaa kibarazani kwake. Hata dereva akaweka simu mfukoni.

Mlambalasi ni mbali zaidi, njia hiyo hiyo ya Ruaha, na pametulia sana. Baada ya Kalenga kuanguka Mkwawa aliwasumbua miaka karibu minne porini, kichwa chake kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000, na tarehe 19 Julai 1898 walipomkaribia akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa kikaenda Ulaya, mwili uko hapo. Bebeni maji na chakula, sisi tulikuwa na mahindi ya kuchoma tu, yakaisha kabla hatujafika.

Isimila, kule kwenye zana za mawe za kale, tuliiacha, jua lilishazama.

Kurudi mjini dereva anadai elfu ishirini ya ziada, mafuta ya kwenda Ilula. Nikamwambia Ilula tulikwenda kwa matakwa yako kaka. Tukabishana pale nje ya gesti mpaka mama mdogo akamtolea elfu tano na nyanya za kwenye kifuko, akapokea vyote viwili, akaniuliza kama kesho nataka kwenda Isimila, anapajua.