Nota za okestra za "Le Tombeau de Couperin": kitabu kidogo chenye mafunzo makubwa

Nilikinunua kitabu hiki cha nota za okestra ili nikiweke kando ya kile cha piano, kwa kuwa mtunzi Mfaransa Maurice Ravel alitunga kazi hii kwanza kama sehemu sita za piano kati ya 1914 na 1917, akizitoa kwa kumbukumbu ya rafiki zake waliokufa vitani, kisha mwaka 1919 akazipangia okestra nne kati ya hizo. Kwa anayejifunza kazi hiyo ya upangaji, sijaona mwalimu bora kuliko vitabu hivi viwili vikifunuliwa pamoja mezani.

Piano ina pedali: ukiikanyaga, sauti huendelea kuvuma hata baada ya vidole kuondoka. Okestra haina pedali, na mpangaji anayenakili tu nota alizoziona hupata muziki mkavu, kwani mvumo ule lazima uandikwe na ukabidhiwe vyombo vinavyoweza kushikilia sauti. Tazama ukurasa wa kwanza wa Prélude, sehemu ya ufunguzi. Nota za mbio ambazo kwenye piano hukimbia chini ya vidole, hapa amepewa mpiga obo (chombo cha kupuliza), akipokezana na klarineti, naye asipojua pa kuvutia pumzi atakwama mapema. Katikati ya Rigaudon, sehemu nyingine ya kazi hii, obo hiyohiyo inaimba taratibu huku nyuzi zikidonolewa kwa vidole, na mtu angedhani amesikia gitaa. Yote haya yamefanywa kwa okestra ndogo, yenye tarumbeta moja na kinubi kimoja, bila ngoma yoyote.

Fugue na Toccata, zile sehemu mbili za piano zilizobaki, hazimo. Wapo wanaosikitika, mimi naona Toccata, yenye nota zinazorudiwarudiwa kwa kasi, inaishi kwa nyundo za piano, na Ravel, aliyeijua okestra kuliko wengi, alifanya vyema kuiacha huko.

Lawama yangu ni juu ya uchapaji wa nakala niliyopata. Mistari imebanana mno, hata alama za kinubi nilizisoma kwa miwani na taa ya mezani, na gundi ya mgongo iliachia kabla sijamaliza sehemu iitwayo Menuet. Anayetaka kuandika maelezo kwa penseli, kama nifanyavyo, atafute chapa ya ukubwa wa kuongozea okestra, iliyoshonwa kwa uzi.