Feni ya jikoni ilikuwa nzima, kilichokosewa ni njia ya hewa

Mama yangu ana pumu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipeleka Kariakoo Januari mwaka jana kutafuta feni ya kutoa hewa, ile ambayo wauzaji wanaiita feni ya eksozi. Nilikuwa nimemchukua aje tukae wote Kinyerezi, na kila nikikaanga samaki ilibidi atoke akakae barazani mpaka moshi uishe. Mtu mzima, tena mgonjwa, kufukuzwa ndani kwa sababu ya vibua! Iliniuma sana.

Nyumba yetu ni ya hizi za siku hizi. Ile ya Tanga niliyokulia ilikuwa na matofali ya matundu juu ya kila dirisha, karibu kabisa na dari, hewa ya moto inapanda na kutoka yenyewe usiku na mchana. Sisi tumeweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni. Yanapendeza, lakini dirisha la vioo viwili la aina hiyo hata ulifungue mpaka mwisho unapata nusu tu ya upana wake, na juu hakuna tundu hata moja. Jiko langu ni mita 3 kwa 3.5, na dari iko mita 2.8, yaani kama mita za ujazo 29 za hewa. Moshi wa mafuta ukishajaa humo hauna pa kwenda ila sebuleni.

Nilinunua feni mbili. Ya jikoni ni ya plastiki, inchi 6, shilingi 42,000, wati 30, na boksi lake limeandikwa mita za ujazo 250 kwa saa. Ya bafuni ni ndogo, inchi 4, wati 18, ya kufunga kwenye dari. Nikachukua pia kifuniko cha nje cha luva, yaani cha vibao vilivyoinama, cha sentimita 15 kwa 15, chenye wavu wa mbu kwa nyuma. Muuzaji alinihakikishia: "Dada, hiki ndicho wanachochukua wote." Fundi akaja Jumamosi, akatoboa ukuta wa nyuma ya jiko, na kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha.

Februari na Machi nilikuwa nawaambia walimu wenzangu wote wakanunue. Haikuwa nzuri ajabu, ila mama alikuwa anaweza kukaa ndani. Kuanzia Juni mambo yakabadilika. Feni inazunguka, sauti ipo, lakini moshi unarudi usoni. Siku moja mama alikohoa mpaka nikazima jiko na samaki nusu mbichi kwenye karai. Kesho yake niliing'oa feni nikairudisha dukani nikiwa nimekasirika. Muuzaji akaichomeka pale pale juu ya kaunta, akaishikia gazeti kwa mbele. Gazeti likanata kwenye feni kama limegundishwa. Akanitazama bila kusema neno, nami nikaifunga kwenye mfuko nikarudi nayo nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Niliona aibu kwamba nimenunua kitu cha kusukuma hewa bila kujiuliza hewa inapita wapi. Namba ya kwenye boksi inapimwa feni ikiwa wazi, haina kitu mbele wala nyuma. Ukishaiweka ukutani ukaifunika, hiyo namba si yako tena. Kwa hiyo nikapima. Kuna njia rahisi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya: chukua mfuko wa taka wa lita 100, uukunje utoke hewa yote, ushikilie kwenye tundu la nje huku mwenzako anawasha feni, kisha hesabu sekunde mpaka mfuko ujae ukaze. Mpwa wangu alishika saa ya simu, asubuhi na mapema pasipo upepo. Sekunde 6. Lita 100 kwa sekunde 6 ni kama mita za ujazo 60 kwa saa. Nilinunua 250, nikapata 60!

Nikakaa na kile kifuniko mezani nikiwa na rula. Mdomo wa feni ya inchi 6 una eneo la kama sentimita za mraba 177. Kifuniko kwa kipimo cha nje ni 225, kwa hiyo kwa macho unaona kinatosha. Lakini vile vibao vya luva vinakula karibu nusu ya nafasi, halafu wavu wa mbu unakula karibu nusu ya iliyobaki. Nafasi halisi ya hewa kupita ilikuwa kama sentimita 60 za mraba, theluthi moja tu ya mdomo wa feni. Na huo wavu, baada ya miezi mitano ya mafuta ya samaki na vumbi la barabara yetu, ulikuwa umegeuka kitambaa. Niliukwangua kwa kucha, ukaacha uji mzito wa kahawia kidoleni. Kwa jikoni, wavu wa mbu mahali pa kutokea hewa ni kosa. Kazi ya kuzuia mbu apewe kibao chepesi kinachojifungua feni ikiwaka na kujilaza feni ikizimwa.

Hilo lilieleza sehemu ya tatizo. Halikueleza vya kutosha kwa nini Machi ilikuwa afadhali kuliko Juni. Jibu nililipata siku nimesimama uani mchana, nikasikia kile kifuniko kinagongagonga. Ukuta ule unatazama kusini mashariki. Kaskazi ilipokuwa inavuma, nyumba yenyewe ilikuwa inaukinga. Kusi ilipoanza, upepo ukawa unaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa feni. Feni hizi za mapanga zinahamisha hewa nyingi lakini hazina ubavu. Karatasi ya hii yangu inasema kanieneo yake ya mwisho, yaani msukumo mkubwa kabisa inaoweza kuutoa, ni paskali 35. Upepo wa mita 7 kwa sekunde, ambao si wa ajabu kwetu mchana wa Julai, ukigonga ukuta unaleta karibu paskali 29. Feni ilikuwa inashindana mabavu na kusi, ikiwa imekabwa koo na wavu.

Nilichora kofia kwenye karatasi ya grafu na kumpelekea fundi bati wa mtaani. Ni boksi la bati la sentimita 30 upana, limefungwa mbele na pembeni, juu lina mteremko wa kumwaga mvua, na mdomo wake unatazama chini, sentimita 30 kwa 20. Ndani karibu na feni kuna kibao chepesi cha kujifungua. Mdomoni nikaweka wavu wa chuma wa matundu ya sentimita moja, kwa ajili ya ndege na mijusi. Eneo la kupita sasa ni karibu mara tatu ya mdomo wa feni. Alinitoza shilingi 25,000. Fundi umeme alipokuja kuifunga alisema, "Madam, hii imekuwa kubwa kuliko feni yenyewe." Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Akaziba kwa silikoni ule uwazi wa kuzunguka feni, ambao mara ya kwanza alikuwa ameuacha na hewa ilikuwa inarudi ndani kwa pembeni.

Mfuko ule ule, feni ile ile: sekunde 2. Mita za ujazo 180 kwa saa. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka lita 60 kwa sekunde kwa feni ya jikoni isiyokuwa juu ya jiko moja kwa moja, ambazo ni 216 kwa saa. Sijafika, lakini nimesogea sana kutoka pale nilipokuwa.

Kitu kimoja zaidi kilinishangaza. Tulikuwa na mazoea ya kufungua dirisha la jikoni feni ikiwaka, tukiamini tunaisaidia. Siku moja nilichukua chetezo cha mama, nikatia udi, nikakiweka karibu na jiko la gesi nione moshi unaelekea wapi. Dirisha liko mita moja tu kutoka kwenye feni. Hewa ilikuwa inaingia dirishani na kutokea kwenye feni kwa njia ya mkato, na moshi wa udi ukabaki umesimama wima juu ya jiko kana kwamba hakuna feni kabisa. Nikafunga dirisha hilo, nikafungua la sebuleni upande wa pili wa nyumba. Moshi ukainama, ukapita juu ya sufuria, ukaenda. Mama alikuwa amekaa mlangoni anaangalia, akasema, "Mwanangu, hata hewa inataka kupewa njia." Tangu siku hiyo dirisha la jikoni halifunguliwi wakati wa kupika. Jaribu kwako kwa udi au ubani, utaona mwenyewe.

Bafuni kulikuwa na makosa mengine. Feni ya dari ilikuwa inafanya kazi, karatasi ya chooni inanata vizuri, lakini baada ya miezi mitatu jipsamu ikaanza madoa ya njano na ukungu mweusi pembeni. Nilipanda darini na tochi. Fundi hakuweka bomba! Mvuke wote wa maji ya moto ulikuwa unamwagwa juu ya dari, kwenye mbao za kenchi. Nimeuliza majirani wawili waliojenga karibuni, nao wakakuta kwao hivyo hivyo, kwa hiyo usimlipe fundi kabla hujapanda juu ukaona. Tuliweka bomba la PVC la inchi 4, limenyooka, kona moja tu, linatokea chini ya paa nje, na lina mteremko kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yasirudi kwenye mota. Lile bomba la foili lenye mikunjo nililikataa. Mikunjo inakwamisha hewa, na likilegea katikati linatengeneza bwawa la maji.

Baada ya hapo ikaja harufu ya chemba. Kila feni ikiwaka, bafu linanuka. Mlango wetu ulikuwa umebana sakafuni, na ule uwazi mdogo uliobaki mama alikuwa anauziba na kitambaa usiku ili mende wasipite. Feni ikikosa hewa ya kuvuta mlangoni inavuta popote itakapopata, na kwetu ilipata kwenye tundu la maji la sakafuni, ambalo maji yake ya kuzuia harufu yalikuwa yamekauka kwa sababu tunaogea upande mwingine. Tulimwaga ndoo ya maji pale, kisha seremala akakata mlango chini ukabaki uwazi wa sentimita moja. Kwa mlango wa sentimita 76 huo ni uwazi wa sentimita 76 za mraba, na kwa feni ya inchi 4 unatosha. Kwa ajili ya mende nikafunga brashi nyembamba ya mlangoni, inayopitisha hewa. Harufu ilikwisha siku hiyo hiyo.

Mambo mawili ya usalama nayasema kwa uzito. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo feni iliyo juu ya ukuta haitakuokoa. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi ya feni wala ya taa, cheche inaweza kuwasha. Fungua milango, funga mtungi, toka. La pili ni mkaa. Usiwashe jiko la mkaa ndani ukiamini feni italitoa lote. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na feni ya bafuni inaweza hata kuivuta kutoka jikoni kuileta chumbani.

Gharama ya umeme ni ndogo kuliko nilivyoogopa. Ya jikoni nawasha saa 4 kwa siku, ya bafuni saa 2, na kwa bei ninayonunulia LUKU, kama shilingi 356 kwa uniti, zote mbili hazifiki shilingi 1,700 kwa mwezi. Ya bafuni naiacha izunguke dakika 20 baada ya mtu kuoga, maana unyevu unaobaki ukutani ndio unaolea ukungu. Mapanga ya ile ya jikoni nayaosha kila wiki mbili kwa maji ya moto na sabuni, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu.

Kuhusu feni zenyewe: ya jikoni naipa nne kwa tano. Kwa bei ile imetumika mwaka na nusu bila kusumbua, ila kibao chake cha plastiki kimeanza kukakamaa kwa joto. Ya bafuni naipa mbili. Imeanza kukoroma, na nilipoifungua nikaona haina beringi za gololi, ina bushi tu, yaani kipande cha chuma chenye tundu ambamo ekseli inazunguka. Bushi ni sawa feni ikiwa imesimama ukutani, lakini ikilazwa darini ekseli inakaa wima na bushi inakwisha upesi. Ukinunua ya dari uliza kwanza kama ina beringi, na ukiweza izungushe kwa kidole usikilize.

Jana mama alikuwa jikoni anachambua mchele wakati mimi nakaanga, na hakutoka. Nimeshapata feni nyingine ya bafuni, ya beringi, inamsubiri fundi Jumamosi. Safari hii nitapanda naye darini.