Holda ya simu kwa gari la porini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tulikuwa tunateremka kutoka Amani kuja Muheza, manyunyu yameanza, na mbele yetu lori la majani ya chai linapanda limejaza njia. Nikaingia shimo dogo tu. Holda ikabanduka kwenye kioo cha mbele, simu ikagonga gia, ikateleza hadi miguuni na kujichomeka chini ya pedali ya breki. Nikikanyaga, pedali inaishia katikati. Tulisimama kwa breki ya mkono na dua ya shemeji aliyekaa pembeni, tairi la mbele limebakiza hatua moja kuingia mtaroni. Holda yenyewe ilikuwa na siku mbili tangu niinunue kwa shilingi 15,000, na muuzaji aliniapia: "Hii haitoki bosi, labda ung'oe na kioo."

Tangu siku ile nimefunga vifaa kwa mikono yangu kwenye magari matatu: mkonga wangu (yaani Land Cruiser), Jimny ya shemeji huyo huyo, na Land Rover ya jirani yangu hapa Chumbageni, Tanga. Hela niliyopoteza inatosha kunipa haki ya kuzipanga holda, kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia. Bei sitazitaja sana, kwa sababu ukizunguka maduka ya Ngamiani utaona kitu kile kile kina bei tatu, na ya nne ni ya aliyekuja na gari kubwa.

Holda nyingi zinauawa na mtetemo kuliko mashimo. Shimo linapiga mara moja likaisha, lakini vile vituta vidogo vya barabara ya changarawe vinapiga bila kupumzika, na ndivyo vinavyolegeza nati na kuchosha plastiki. Simu nayo inaumia. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki kubwa unaweza kuharibu kamera za iPhone, zile zenye kifaa cha kutuliza picha. Walizungumzia pikipiki, ila mwenye Land Rover ya dizeli ataelewa kwamba na yeye ametajwa.

Kisha joto. Apple hao hao wanasema iPhone itumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Egesha gari Raskazone saa nane mchana, vioo vimefungwa, halafu weka kiganja juu ya dashibodi. Na chumvi ya bahari: bolti ya kawaida iliyopakwa zinki inaanza kulia kutu kabla hujamaliza kulipia gari.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni holda ya gololi yenye kitako cha kufunga kwa bolti, na iliyo ya pili iko mbali nayo. Muundo wake ni rahisi. Kuna kitako chenye gololi iliyovikwa mpira, kuna gololi nyingine nyuma ya kishika simu, na katikati kuna mkono mfupi unaozibana zote mbili kwa skrubu moja kubwa ya kukaza kwa vidole. Ule mpira ndio unaomeza mtetemo. Kampuni ya Marekani iitwayo RAM ndiyo iliyoueneza mtindo huu, na siku hizi kuna za Kichina zinazofanana nazo kama pacha. Gololi ya inchi 1, yaani kama milimita 25, inatosha simu na GPS ndogo. Kwa tableti chukua ya inchi 1.5, usibane matumizi hapo. Zile gololi za milimita 17 zinazokuja na vifaa vingi vya bei nafuu ni za gari la lami.

Nikiwa dukani nafanya hivi: nakaza mkono, nashika kitako kwa mkono mmoja na kishika simu kwa mwingine, halafu nasokota kama nakamua nguo. Ikizunguka, nairudisha kwenye rafu bila maneno. Naangalia pia kama mkono ni wa aluminiamu. Wa plastiki unapasuka pale skrubu inapopita, na unapasuka ukiwa mbali na nyumbani. Mwisho napima matundu ya kitako. Kuna kipimo ambacho watengenezaji wengi wanakifuata, kinaitwa AMPS: matundu manne yenye umbali wa milimita 30 kwa 38. Ukinunua chenye kipimo hicho, hata ukibadilisha simu, redio au gari, kitako kinabaki kile kile.

Watu wanaogopa kutoboa dashibodi, na nawaelewa. Nilipoanza na mkonga nilizunguka na drili mkononi karibu nusu saa, mke wangu akaniuliza kama nasubiri mgeni rasmi. Kumbe woga wenyewe una faida. Fungua kwanza ile paneli uone nyuma kuna nini: nyaya, bomba la hewa ya AC, au utupu mtupu. Kwenye gari lenye mifuko ya hewa, usitoboe wala kubandika chochote juu ya kifuniko chake, maana ukilipuka kitu hicho kitakuja usoni. Na plastiki peke yake haitoshi, itapepea kama bati lililolegea. Nyuma yake weka kipande cha aluminiamu cha milimita 3, bolti zipite kote kuwili, na nati ziwe zile zenye duara la nailoni ndani ili zisijifungue. Bolti zote ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zinauzwa moja moja kwenye maduka ya bolti, na hazizidi bei ya soda chache.

Ya pili ni kibano cha kufunga kwenye bomba, yaani gololi ile ile lakini kitako chake kinakumbatia chuma badala ya kutobolewa. Jimny ina kishikio cha abiria mbele yake, na hicho ndicho tulichotumia kwa shemeji. Chini ya kibano tulizungusha kipande cha tyubu ya baiskeli ili kisiteleze wala kukwaruza. Kama gari ni la ofisi au la kukodi, hii ndiyo ya kwako. Kasoro yake ni kwamba iko upande wa abiria, kwa hiyo dereva anahitaji mkono mrefu wa holda, na kila sentimita unayoongeza inaongeza kutikisika. Halafu mkifika pabaya, abiria anakitaka kishikio chake.

Ya tatu ni kitako cha kubandika kwa dabo tepu ya VHB ya 3M, ile nene ya kijivu au nyeusi. Inashika kuliko wengi wanavyodhani, mradi uifanyie subira. Futa sehemu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu zile dawa za kung'arisha dashibodi zinaacha mafuta. Bandika, kandamiza kwa nguvu, kisha usiiguse. Baada ya dakika 20 inakuwa imefikia kama nusu ya nguvu zake, baada ya saa 24 kama asilimia 90, na saa 72 ndipo inakamilika. Mimi ya kwanza niliibandika asubuhi na kuondoka mchana kwenda Pangani. Ilifika Pangani iko kwenye zulia.

Ya nne ni ya kunyonya kioo. Tanga tunasifiwa kwa waja leo waondoka leo, na holda hii ni mwenyeji kamili. Inashikiliwa na kani ya hewa ya nje tu. Jua likilainisha mpira au vumbi likipenya pembeni, hewa inaingia nayo inaaga. Ukilazimika, nunua yenye mkono mfupi na wenzo wa kukaza, osha mpira kwa maji kila safari, na ifungie kamba nyembamba ili ikianguka ining'inie. Iwekwe chini kabisa ya kioo, isikuzibie njia.

Ya tano ni ya sumaku, ambayo mjini naipenda. Porini inavuruga dira ya simu, na ukiwa njia panda za mashamba ya mkonge, ambako kila njia inafanana na mwenzake, dira ndiyo unayoihitaji. Ya mwisho ni ya kubana kwenye tundu la AC. Vile vibao vya plastiki havikuumbwa kubeba kitu. Ukivivunja, utalipia holda na AC.

Umeme ndio wengi tunaoupa salio la bajeti, nami nilikuwa hivyo. Plagi ya tundu la kiberiti inachomoka kwa mtetemo ule ule, simu inaacha kuchaji kimyakimya, na unajua ikiwa imebaki asilimia 4 na Saadani bado. Nunua boksi dogo la fyuzi la njia 6, waya wa milimita za mraba 2.5, rilei moja (swichi inayowashwa kwa umeme), na chaja ya USB ya kufunga moja kwa moja kwenye dashibodi.

Kwenye gari la jirani tulikuta waya aliouvuta fundi fulani zamani, kutoka betri hadi redio bila fyuzi, umepita kwenye tundu la ukuta wa injini bila kizibo cha mpira. Ganda lilikuwa limesagika mpaka shaba inang'aa, kama uzi wa dhahabu. Ungegusa bati siku moja tu, gari lingeungua. Fyuzi kuu ikae jirani na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Kwa waya huo fyuzi ya ampea 15 inatosha.

Rilei ina miguu yenye namba. 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 inapeleka kwenye boksi, 86 inachukua alama kutoka waya unaowaka ukifungua swichi, na 85 inaenda kwenye bodi ya gari. Bila rilei, kamera ya dashibodi inayokula nusu ampea itakula ampea-saa 24 kwa siku mbili za kuegesha, na betri ya N70 iliyozeeka haitakusamehe. Viungo vibane kwa terminali na koleo lake. Risasi ya kuchomea inaugeuza waya kuwa mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapoukata.

Ukiwa na Land Cruiser ya zamani iliyotoka Japani yenye betri mbili, pima kwanza kwa mita. Baadhi za dizeli ni za volti 24, na kifaa cha volti 12 kitakupa moshi badala ya taa. Redio koli ni habari nyingine: inahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na chaja za USB za bei ya karanga zinaipigia kelele, kwa hiyo chaja ikae mbali na waya wa antena.

Tableti sikushauri. Ni nzito, inapata joto haraka, na ramani uliyoipakua kabla ya kutoka mjini inasomeka vizuri tu kwenye simu.

Ukimaliza kufunga, endesha hadi Pongwe na kurudi, kisha shika spana upitie kila nati. Angalau moja itakuwa imelegea. Ya kwangu ilikuwa ile niliyoikaza mwisho, nikiwa tayari nimeitwa chakulani.