Hukuniambia Wapita Feri

Nilijizuia siku kadhaa nisiandike, nikingoja hasira ishuke. Haikushuka, basi naandika hivyo hivyo.

Gari ni Corolla DX, KE70, la marehemu baba. Namba zake ni zile za zamani, kabla ya KAA. Injini yake ya 4K ilikuwa imekwisha: nikiiwasha asubuhi, jirani afunga madirisha kwa moshi. Nikashauriwa nitafute 5K iliyotoka kwenye vile vigari vya LiteAce, maana injini za K ni ndugu, giaboksi ile ile inashika, huhitaji kuchomelea kitu. Ushauri ulikuwa wa kweli na aliyenipa sina ugomvi naye. Injini yenyewe niliipata, imetoka Japani, kavu haina hata jasho la oili, ila risiti muuzaji kaiandika kwa mkono, na badala ya 5K kaandika SK. Hilo la kwenda kubadilisha namba ya injini kwenye logbuku, kule NTSA, mamlaka ya usafiri, tuliache. Nitajiharibia siku.

Neno langu ni la gereji. Iko Shimanzi, jina silitaji. Fundi mkubwa wa pale hashiki spana, ashika simu. Siku ya kwanza nilimwambia mambo mawili tu: ile injini ya zamani usiitupe, na mie nakaa Likoni, gari nitalihitaji mapema. Akacheka, "Kumbe ami ni mtu wa ng'ambo!" Kwa hiyo alijua, maana Likoni iko ng'ambo ya maji, na kutoka mjini Mombasa watu huvuka kwa feri. Naomba mlishike hilo, alijua.

Kazi ilichukua wiki mbili zaidi ya alizosema, nikanyamaza. Siku ya kuchukua gari, injini iliwaka ufunguo haujazunguka nusu. Sauti tamu, wallahi, nilitamani baba angeisikia. Nikalipa, nikaongeza na pesa ya soda, nikaenda zangu.

Wanaopita feri wanaujua ule ulimi wa chuma. Maji yakiwa yamekupwa, unateremka kama unaingia kisimani, kisha pua ya gari inainuka ghafla. Pale pua ilipoinuka nikasikia kwaa! Nikadhani ni ekzosi. Nikaingia, nikazima gari, nikashusha kioo nipate upepo. Mama mmoja aliyebeba beseni la mihogo akainama, akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, gari lako lakojoa."

Oili mpya, ya rangi ya asali, ilikuwa inatambaa kuelekea miguu ya watu. Na feri saa hiyo ya jioni mnajua ilivyo, watu wamesimama bega kwa bega. Mmoja kandambili ikateleza akamshika mwenzake, mwenzake akanitukana mimi. Mfanyakazi wa feri akaja na ndoo ya mchanga, akamwaga bila kusema neno, na hilo la kutosema neno ndilo lililoniuma zaidi. Upande wa pili vijana wanane nisiowajua walinisukuma mpaka juu.

Nikampigia fundi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ami, hukuniambia wapita feri."

Nilikaa kimya. Akaongeza: "Si siku hizi kuna Dongo Kundu? Zunguka tu, barabara nzuri." Yaani mie nitoke Likoni, nizunguke mpaka Miritini, nirudi mjini, kila siku ya Mungu, kwa sababu yeye hakubadilisha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini!

Maana jambo lenyewe ni hilo. Sampu ya injini ya LiteAce tumbo lake halikukaa palipo la Corolla. Unatakiwa uivue, uweke ile ya 4K yako pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, basi. Yeye aliipiga nyundo mpaka ikapita kwenye krosimemba, kile chuma kinachokingama chini ya injini, akaiacha ining'inie chini yake vidole viwili. Na 4K yangu iko wapi? "Imeenda na watu wa chuma chakavu."

Gari likavutwa kurudi Shimanzi, likakaa. Nilikuwa nimeshakata shauri nilitoe. Kisha adhuhuri moja, mkubwa kaenda kusali, yule spanaboi wake akavuta kitu chini ya meza. Sampu yangu! Alikuwa anaoshea bolti ndani yake kwa petroli. "Ami, hii si yako?" Bomba lilikuwa kwenye kopo la maziwa, kalitunza na nati zake. Akatandika katoni, akaingia chini ya gari, akakwangua gasketi kuukuu kwa kipande cha msumeno, polepole kama mtu anayeparua samaki. Kufika magharibi kazi ilikuwa imekwisha. Haivuji hata tone.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Lakini juzi nimepanda Kwale kutokea Kombani, kile kilima ambacho baba alikuwa akitia gia ya pili na kutunyamazisha sote asikilize injini. Nimekipanda kwa ya tatu, naongea. Nilipofika juu niligeuza, nikashuka, nikapanda tena. Basi nikaona labda niandike mwendeni.

Halafu nikakumbuka bili: "kubadilisha sampu, 2,500." Sampu yangu! Iliyong'olewa kwenye injini yangu! Msiende. Yule mkubwa hanioni tena.

Tatizo kabureta bado inataka kutegwa, na mkono ninaouamini uko pale pale. Nimempigia kijana kumuuliza kama Jumapili anaweza kuvuka. Kumbe yeye ni wa Mtongwe, kila siku hupita feri.