Uzoefu wangu: ziara ya Wajadidi, kutoka Bukhara hadi Tashkent

Waswahili wengi wakifika Uzbekistan hukimbilia ziyara: Imam Bukhari kule karibu na Samarkand, Bahauddin Naqshband nje kidogo ya Bukhara, picha mbili tatu mbele ya kuba za buluu, basi. Mimi nilichukua ziara isiyo na foleni. Kuna kampuni ndogo ya wenyeji inayowatembeza watu kwenye nyayo za Wajadidi, Waislamu wa mageuzi waliomng'oa amiri wao wa Bukhara mwaka 1920 kwa msaada wa Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, wakashika serikali, kisha wengi wao wakauawa na dola hiyo hiyo ya Kisovieti waliyoitumikia. Inaanzia Bukhara, inapanda Afrosiyob, treni ya mwendo kasi, inaishia Tashkent. Lugha ni Kiingereza au Kirusi.

Hela yangu ilirudi palepale kwenye nyumba ya Fayzulla Khodjaev, ambayo sasa ni makumbusho. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa ngozi za kondoo wa karakul, na utajiri huo unauona kabla mwongozaji hajafungua mdomo: nguzo ndefu za mbao zilizochongwa barazani, dari iliyopakwa rangi mpaka pembe ya mwisho, na kuta zenye zidaka za kuwekea vyombo vya kaure, utadhani umeingia nyumba ya watu wakubwa wa Lamu. Mtoto wa nyumba hii, aliyezaliwa 1896 na kusomeshwa Moscow, alikuwa mmoja wa Wajadidi, na ndiye aliyekuja kuongoza serikali ya kikomunisti ya Uzbekistan. Nilikaa pale barazani nikijiuliza alivyokuwa akiwahutubia wakulima wasio na shamba.

Mwongozaji wetu aliieleza sehemu hii vizuri sana, na hakuwa na haraka. Mambo waliyoanza kudai Wajadidi yalikuwa ya kawaida kabisa: shule ambazo mtoto anajifunza kusoma kwa sauti za herufi badala ya kukariri tu, hesabu na jiografia, na hazina ya nchi itenganishwe na mfuko wa amiri. Aprili 1917 Amiri Alim Khan akatoa ahadi za mageuzi, vijana wakaandamana kushangilia, naye akawageuka. Mwandishi Sadriddin Ayni alichapwa viboko 75. Machi 1918 Wajadidi walirudi na jeshi la Kolesov, kiongozi wa Wabolsheviki wa Tashkent, wakashindwa, na baada ya hapo amiri alichinja kila aliyemshuku. Ukishasikia hayo, huulizi tena kwa nini Septemba 1920 waliingia mjini pamoja na Jeshi Jekundu la Wabolsheviki, chini ya kamanda Frunze. Ngome ya Ark iliungua katika mashambulizi hayo, na mpaka leo sehemu yake kubwa ni magofu. Pale tulipita upesi, jua lilikuwa halicheki na mtu.

Mwandishi Abdurauf Fitrat, Mjadidi mwingine, naye alipewa muda wa kutosha. Alisoma Istanbul, akawa waziri katika Jamhuri ya Watu wa Bukhara iliyochukua nafasi ya amiri, na serikali yao ikapeleka vijana Ujerumani kusoma mwaka 1922. Fikiria: taifa lililo chini ya kwapa la Moscow linapeleka watoto wake Ujerumani! Mwaka uliofuata Moscow ilimwondoa Fitrat na mawaziri wenzake kadhaa.

Sasa malalamiko yangu. Kuanzia hapo ziara inaruka. Ghafla tupo 1938, watu wanapigwa risasi, na kila mtu amekufa shahidi. Lakini Khodjaev alikuwa mkuu wa serikali ya Uzbekistan tangu 1925 mpaka 1937! Katika miaka hiyo ardhi iligawanywa, mahakama za kadhi zikafutwa, wakfu zikachukuliwa, na kuanzia 1927 kampeni ya kuwavua wanawake buibui zao ikawaponza wengi wao, waliouawa na ndugu na majirani. Yeye alikuwa ofisini. Niliuliza alisaini nini, alikataa nini. Nikajibiwa kwamba zilikuwa nyakati ngumu. Hilo najua, ndiyo maana nimelipa.

La pili ni mipaka. Mwaka 1924 Bukhara ilivunjwa na Uzbekistan ikachorwa, na Khodjaev alikuwa miongoni mwa wachoraji, hakusubiri aletewe ramani. Tajikistan ilianza ikiwa ndani ya Uzbekistan, ikatengwa 1929, huku Bukhara na Samarkand zikibaki Uzbekistan. Ukitembea sokoni Bukhara unasikia Kitajiki kila kona, na bado mwongozaji hakuligusa jambo hilo hata kwa bahati mbaya. Kwangu, hawa watu walikuwa wanasiasa hasa, wenye hila na tamaa ya kujenga taifa lao kwa jembe lolote waliloshika. Kuwafanya mashahidi watupu ni kuwapunguzia.

Tashkent mnapelekwa kwenye makumbusho ya wahanga wa ukandamizaji, yaliyofunguliwa 2002 kando ya mfereji wa Bozsu, karibu na mnara wa televisheni. Tulivu, pana, na picha za Fitrat, mshairi Cho'lpon na mwandishi wa riwaya Abdulla Qodiriy mnaelezwa moja moja. Watatu hao waliuawa tarehe 4 Oktoba 1938. Khodjaev alikuwa ametangulia Machi, baada ya kesi ya Moscow aliyoshtakiwa pamoja na Bukharin, aliyewahi kuwa kigogo wa chama cha kikomunisti.

Kwa anayetaka kwenda: chagua Aprili, Mei au Oktoba, maana kiangazi Bukhara inapita nyuzi 40. Vifaa vya sikioni vinakwaruza, kwa hiyo simama karibu na mwongozaji. Chakula cha mchana ni pilau yao ya karoti na nyama ya kondoo, kingi na kizuri. Soma kidogo kuhusu miaka ya 1925 hadi 1937 kabla ya kuondoka nyumbani, na uulize maswali hata kama wenzako wanaangalia saa. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku watakapoijaza ile miaka 12.