Uzoefu wangu: nimelipia mtu anisaidie kuchagua ujuzi wa kuweka kwenye CV (mimi mtu wa stoo)

Kwa wanaouliza kama kulipia CV kuna faida, mi nimelipia, na jibu langu ni nusu ndiyo nusu hapana, ngoja nieleze. Mi ni mtu wa stoo, diploma ya ununuzi na ugavi, nimekaa miaka kadhaa kwenye ghala la vifaa vya ujenzi hapa Dar, saruji, nondo, mabati, mabomba, afu nikahamia kwa muagizaji wa vifaa vya hospitali kwa mkataba ambao umeisha. Huduma yenyewe siitaji jina maana nitaisifia na kuisema humuhumu, ila ni hawa wa WhatsApp, unatuma CV yako ya zamani, unachagua kifurushi, unalipa kwa simu. Elfu 15 wanakupendezeshea tu, elfu 35 unapigiwa simu na mtu wao mnaongea kuhusu kazi zako, elfu 70 wanaongeza barua ya maombi na LinkedIn. Nikachukua ya kati.

Ile simu ndo imefanya nisiililie hela yangu. Nilitegemea maongezi mafupi, yule kaka akanishika karibu saa nzima. Alikuwa na CV yangu mbele yake, na sehemu ya ujuzi ilikuwa na yale yale ambayo kila templeti ya steshenari inayo, mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi chini ya presha, kompyuta, mawasiliano mazuri. Akaanza moja moja. "Dada, hapa pameandikwa kompyuta. Kompyuta unaifanyia nini?" Nikamwambia Excel, na Tally ile programu ya uhasibu na stoku. "Excel unaifanyia nini?" Ripoti ya stoku ya mwezi. "Hiyo ripoti inaanzaje, data unatoa wapi?" Hapo sasa nikaanza kumwaga, kwamba nachukua bin kadi za kwenye shelfu (kadi za kila bidhaa, kilichoingia na kilichotoka) nalinganisha na kilichopo kwenye Tally, natoa bidhaa ambazo hazijasogea miezi mitatu, afu natumia VLOOKUP, ile fomula ya Excel ya kutafuta na kuoanisha, kulinganisha namba za GRN (hati ya kupokea mzigo) na invoisi za saplaya maana kuna saplaya analeta mzigo wa LPO moja (oda ya ununuzi) mara mbili afu anadai malipo mara tatu. Akanyamaza namsikia anaandika. Baadae akasema, "Haya ndo tunaweka, hilo neno kompyuta tunafuta."

Ya uaminifu ndo ilinichekesha. Akasema mchapakazi na mwaminifu ni maneno ya mdhamini wako, ukijisemea mwenyewe hayana uzito, ila kwa mtu wa stoo uaminifu una mahali unapoonekana, nako ni kwenye kuhesabu. Mlikuwa mnahesabu lini? Unahesabu na nani? Tofauti ikitokea inaandikwa wapi? Nikamweleza kule kwenye vifaa vya ujenzi tulikuwa na aina kama 900 za bidhaa, zinazotembea sana tunahesabu kila Jumamosi, zilizobaki mwisho wa mwezi mtu wa uhasibu akiwepo, na saruji iliyopasuka haihesabiwi kama imepotea, ina fomu yake, meneja anasaini na mifuko mitupu inatunzwa mpaka mkaguzi apite. Maelezo yote hayo yakawa mstari mmoja tu: kusimamia hesabu ya stoku ya aina 900 na kusuluhisha tofauti na uhasibu kila mwezi. Neno mwaminifu halipo popote, ila bosi yeyote aliyewahi kuibiwa stoo akiusoma huo mstari anaelewa.

(Forklifti nimeiendesha uani mara nyingi tu dereva akiwa kwenye chai. Hiyo haiwekwi, sina cheti.)

Sasa kasoro. Kifurushi kinasema "CV kulingana na kazi unayoomba", na mi niliwatumia matangazo matatu ya kazi tofauti kabisa, moja la serikalini kwenye kada ya ugavi, moja la kampuni ya kuagiza dawa, moja la mkandarasi wa barabara. Nikaletewa CV moja. Ujuzi wote wa matangazo yote umemwagwa kwenye orodha moja ndefu, yaani mtu wa dawa anasoma habari za nondo na mkandarasi anasoma habari za friji. Kuuliza nikaambiwa kila tangazo la ziada ni malipo ya ziada, jambo ambalo kwenye kipeperushi chao halikuandikwa. Sikulipa. Nilikaa mwenyewe nikaipanga, na kwa kuwa maswali ya yule kaka nilikuwa nayo kichwani haikuwa kazi ngumu hata.

Ya dawa nilianza na FEFO, kwamba kinachoisha muda mapema ndo kinatoka kwanza hata kama kimeingia stoo jana. Hii watu wengi wanaichanganya na FIFO, cha kwanza kuingia cha kwanza kutoka, ambayo kwenye saruji inatosha kabisa maana saruji ikikaa muda mrefu inapoteza nguvu na tarehe za kuingia na kuzeeka zinaenda pamoja. Kwenye dawa na vitendanishi haziendi pamoja, saplaya anaweza kukuletea leo mzigo unaoisha muda mapema kuliko ule wa mwezi uliopita. Chini yake nikaweka kurekodi joto la friji asubuhi na jioni, nyuzi 2 mpaka 8, afu kufuatilia namba za bechi ili bidhaa ikitakiwa kurudishwa ujue ilienda hospitali gani. Nondo sikuzitaja kabisa kwenye ujuzi, zikabaki kwenye historia ya kazi.

Ya mkandarasi hakuna anayejali friji. Pale juu kabisa niliweka leja ya dizeli. Aliyefanya kazi na mitambo anajua mafuta ndo yanayovuja kuliko kitu chochote, na mi nimeshatunza leja ya dizeli ya malori, lita zilizotoka, kilomita kwenye mita, saini ya dereva. Hii haikuwepo hata kwenye CV yangu ya zamani, niliona kama kazi ya ziada tu niliyopewa kwa sababu aliyekuwa anafanya aliacha. Yule kaka ndo aliichimba, aliniuliza "kuna kitu ulikuwa unafanya ambacho hakikuwa kwenye mkataba wako?" Kwa hilo swali peke yake nampa maua yake. Baada ya dizeli nikaweka kupokea nondo kwa idadi na kwa tani, na kutoa mali saiti kwa fomu ya maombi iliyosainiwa.

Ya serikali ni habari nyingine, na hapa nadhani hawa watoa huduma wengi wanakula hela za watu bure. Unaomba kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa ajira za serikali, taarifa nyingi unazijaza humohumo kwenye mfumo, elimu, uzoefu, kompyuta, lugha, wadhamini, na matangazo yao yanasema wazi kwamba results slip na testimonial hazikubaliwi. Kinachokubeba mwanzo ni sifa za mwombaji zilizoandikwa kwenye tangazo, na kwa kada yetu tangazo likitaka usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, basi uwe nao, hakuna ujuzi wa kuupamba ukaziba hilo pengo. Kwa hiyo kama unaomba serikalini tu, kifurushi cha kupendezesha hata usikiangalie.

Ila kwenye hilohilo la serikali tulibishana kidogo na ubishi wenyewe ulinifundisha. Tangazo lilitaja NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Kaka akataka tuandike NeST kwenye ujuzi, nukta. Nikamwambia hapana, mi nimeitumia nikiwa upande wa mzabuni, kule kwa muagizaji tulikuwa tunaomba zabuni za hospitali, upande wa taasisi nunuzi sijawahi hata kuuona ukoje. Akasema haina shida mfumo ni mmoja. Kuna shida bana, kwenye usaili ukiulizwa unaingizaje mpango wa ununuzi wa mwaka utasema nini? Tukaandika NeST, kuandaa na kuwasilisha zabuni upande wa mzabuni. Mi naona hivo ina nguvu zaidi kuliko neno tupu, msomaji anajua umefika wapi.

SAP, ile programu ya kompyuta ya kuendeshea shughuli za kampuni kubwa, ndo waliniudhi. Imetokea kwenye CV bila mimi kuitaja popote, eti kwa sababu tangazo la mkandarasi lilitaja. Nikauliza, nikajibiwa kila mtu anaweka, ukipata kazi utajifunza. Nikaitoa. Kuna ofisi kwenye usaili wanakupa laptop wanasema tuonyeshe, sasa hapo utaanza kumuomba Mungu au utaanza kutafuta kitufe cha kuwashia?

Muonekano: wameijaza rangi kama kadi ya harusi, picha kwenye duara, safu mbili, na ujuzi umewekewa mistari ya asilimia. Excel asilimia 85. Kiingereza asilimia 90. Asilimia 85 ya nini, nani alinipima? Na zile safu mbili siyo uzuri tu, kampuni kubwa na mashirika mengi yanapokea maombi kwa mfumo unaosoma CV kabla ya binadamu, na kuna mifumo inayosoma mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, safu mbili zinachanganywa zinakuwa uji. Niliomba wazitoe hizo safu wakazitoa, ila kwa kuchelewa na kwa kunijibu kifupi kifupi kama nawasumbua. Na ule muhtasari wa juu, mtaalamu mahiri mwenye shauku ya kuleta matokeo, nimeuona kwenye CV ya rafiki yangu mhasibu aliyepita kwao kabla yangu, neno kwa neno. Huo niliuandika upya mwenyewe.

Matokeo kwa wanaotaka kujua: kampuni ya dawa wameniita usaili, mkandarasi kimya, serikali bado nasubiri. Kule kwenye dawa paneli walikuwa na CV mkononi na swali la kwanza lilitoka kwenye ule mstari wa FEFO, wakanipa mfano wa mizigo miwili yenye tarehe tofauti na friji iliyozimika usiku, nielezee asubuhi nafanya nini kwanza. Nilijibu vizuri kwa sababu ni kitu nilichokifanya kweli. Wamesema watanipigia, na sote tunajua hiyo sentensi.

Kwa nyota nawapa 3 kati ya 5, na zote tatu ni za ile simu. Kama una rafiki anayejua kazi yako kidogo na hana aibu ya kukuuliza "unafanyaje" mara kumi, mnunulie soda akukalishe chini afanye hiyo kazi, umeokoa elfu 35. Kama huna, au umekaa nyumbani muda mrefu mpaka unaona hakuna unachojua (wapo wengi, hasa waliopiga field tu baada ya chuo na wanadhani field haihesabiki), lipia kifurushi cha simu. Cha elfu 15 ni rangi tupu. Cha elfu 70 sikukigusa.

Na ukilipa, dai faili la Word kabla hujatuma hela ya mwisho. Mi walinitumia PDF peke yake, kupata ya kuhariri ikabidi nipige simu, na walikuwa wanataka elfu 5 nyingine.