Uzoefu wangu: paleti ya rangi za uso za nta, ikilinganishwa na za gliserini, kwenye joto la Pwani

Paleti ninayoizungumzia ina vidonge 12 vya gramu 10 kila kimoja, rangi kavu zinazoamshwa kwa maji, aina ya nta. Kando yake natumia Aquacolor ya Kryolan, kampuni ya Berlin iliyoanza 1945, na Paradise ya Mehron ya Marekani, ambazo zote mbili ni za gliserini. Nazitaja pamoja kwa sababu mnunuzi mgeni huona rangi zote za maji ni mamoja, akachagua kwa bei na wingi wa vidonge. Tofauti kubwa iko kwenye kile kinachoishika rangi.

Ili ujue umeshika ipi, geuza kopo usome viambato, maana huandikwa kuanzia kilicho kingi. Glycerin ikiwa miongoni mwa vya kwanza, hiyo ni ya gliserini. Ukikuta Paraffin au Cera Microcristallina huko juu, ni ya nta. Hata kidole kitakuambia: kidonge cha gliserini ni laini na kina unyevunyevu, cha nta ni kigumu na kikavu.

Kwa kujaza eneo kubwa, gliserini haina mpinzani. Pulizia maji mara mbili au tatu kwenye sponji, kidonge kiache kikavu, kisha zungusha sponji juu yake mpaka uso wake ushike rangi nzito isiyo na povu. Mapovu yakitokea maji yamezidi, na yakipasukia usoni huacha vitundu. Sponji iguseguse ngozi, isiburuzwe, kwani ukiburuza unapata michirizi. Tabaka moja jembamba linatosha. La pili liwekwe la kwanza likishakauka.

Shida ni hali ya hewa. Gliserini huvuta unyevu kutoka hewani. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa masika, rangi hii inaweza isikauke kabisa: ukiigusa inanata, na ukipitisha mstari mweupe juu ya wekundu unageuka wa waridi, kwa kuwa maji ya brashi yameiamsha rangi ya chini. Arusha na Nairobi tatizo hili ni dogo. Pwani napepea kwanza kwa kipande cha karatasi ngumu, kisha nagusisha poda kidogo isiyo na rangi kwa brashi laini, ndipo nachora mistari.

Hapo ndipo paleti ya nta inapostahili bei yake. Mstari wake unakaa palepale ulipouweka, hauamshi rangi ya chini kwa urahisi, na jasho la wastani halioshi haraka. Lakini usiamini maneno "haitoki kwa maji" kwenye tangazo, kwa sababu rangi inayoamshwa kwa maji huoshwa na maji hayohayo. Kuiamsha kunataka subira: dondoshea kidonge tone moja au mawili ya maji, subiri kidogo, kisha zungusha brashi mpaka upate uzito wa uji mwepesi. Ikiwa nyepesi zaidi, mstari unatiririka kwenye vinyweleo vya ngozi. Ikiwa nzito, brashi inakwama katikati na mstari unakatika.

Usiitumie kujaza uso mzima. Utando wa nta haupindi vizuri ukiwa mnene, kwa hiyo mtoto akicheka mara mbili unapasuka pembeni mwa mdomo na kwenye mikunjo ya paji la uso. Wengi huongeza rangi ili kuziba ufa, na hapo ndipo unazidi. Futa sehemu hiyo kwa sponji yenye unyevu, uanze upya kwa tabaka jembamba.

Katika vidonge vyote 12, vilivyonishawishi ni vyeupe na vyeusi. Vyekundu na bluu iliyokolea vinafaa. Njano ni dhaifu, haionekani kwenye ngozi nyeusi mpaka utangulize nyeupe chini. Waridi hafifu, samawati na kijani cha mnanaa vimejaa weupe, na kwenye ngozi zetu vinatoka vimepauka kama mtu aliyepakwa majivu. Watengenezaji wengi huonekana kupanga paleti wakifikiria ngozi nyeupe. Kwa ngozi ya kahawia hadi nyeusi nashauri rangi zilizokolea, au zenye mng'ao wa lulu na metali (kwenye viambato tafuta Mica au CI 77019). Dhahabu, shaba na zambarau yenye mng'ao hutoka vizuri kuliko kwenye ngozi yoyote nyingine. Na mstari wa kuzungushia picha uwe mweupe, kwa sababu mweusi unapotea.

Mfano mzuri wa kuchanganya aina hizi mbili ni kipepeo. Chukua kidonge chenye rangi zilizomiminwa ubavu kwa ubavu, cha gliserini, na brashi bapa ya upana wa milimita 25. Lowesha brashi, kamua, kisha ipitishe mbele na nyuma juu ya kidonge, kila mara kwa mstari uleule. Ukihama upande, rangi zinachanganyika na kuwa tope. Anzia kona ya ndani ya jicho, panda juu ya nyusi, shuka kuelekea shavuni. Hilo ni bawa la juu. Bawa la chini ni dogo, huishia usawa wa pua. Acha nafasi ya kidole kimoja chini ya kope za chini, kwani hapo ngozi ni nyembamba na jicho hutoa machozi. Rangi ikikauka, shika brashi ya duara namba 3 na nyeupe ya nta. Bonyeza ncha yake kisha inyanyue taratibu huku ukivuta, upate umbo la tone: nene mwanzo, nyembamba mwisho. Matone matatu kwenye kila pembe ya bawa yanatosha. Wengi huharibu kazi kwa kuongeza la nne na la tano.

Pambo linalometameta liwe la vipodozi. La kazi za shule lina kingo kali zinazoweza kukwaruza mboni ya jicho. Hata rangi za kuchorea karatasi zilizoandikwa "hazina sumu" hazikutengenezwa kwa ngozi. Rangi za neoni zinazowaka chini ya taa ya zambarau ziwe mbali na macho: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaruhusu rangi za namna hiyo eneo la jicho. Na kwa wenzangu wa Pwani, piko isiletwe usoni kama mbadala wa nyeusi. Ni dawa ya kutia nywele weusi, kwa kawaida ina PPD, kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kumwachia mtu mzio wa kudumu.

Rangi mpya ijaribiwe ndani ya kiwiko, usubiri saa 24. Mwenye kidonda, upele au macho mekundu mchoree mkononi au mwambie arudi akipona, maana sponji iliyomgusa ikirudi kwenye kidonge, maambukizi yake yanawasubiri wengine. Kila uso na sponji yake.

Kutoa: paka povu la sabuni laini juu ya rangi ikiwa bado kavu, sugua polepole kwa vidole, ndipo umwage maji ya uvuguvugu. Ya nta itangulizie matone ya mafuta ya nazi. Vitambaa vyenye unyevu vinavyotumika kwa watoto huisukuma rangi ndani ya ngozi, hasa kijani na bluu zenye CI 42090, ambazo huacha doa la siku nzima. Usipake mafuta kabla ya kuchora ukidhani unazuia doa, rangi itateleza. Tanguliza tabaka jembamba la rangi hafifu.

Mfuniko wa paleti hii ndio unaoniudhi. Unabana kiasi kwamba unyevu haupati pa kutokea, na ukungu huanza pembezoni mwa vidonge. Iache wazi usiku kucha mahali pasipo vumbi kabla ya kuifunga, na kidonge kilichoota ukungu kitupwe chote, usikikwangue juu na kuendelea. Kama muuzaji anauza vidonge kimojakimoja, chukua nyeupe mbili na nyeusi moja za nta, pesa iliyobaki nunulia gliserini zenye mng'ao.